Helmeti ya Nywele za Desemba

Mtu akija kutaka helmeti, Kaluki hakumwuliza anavaa namba ngapi. Alimkalisha kwenye kibao nje ya stoo, akazungusha tepu ya fundi wa nguo juu kidogo ya nyusi, akaipitisha juu ya masikio hadi pale nyuma ambapo kichwa huchomoza zaidi. Kisha alirudia, kwa sababu mara ya kwanza mkono hupima kile ambacho jicho linataka. Ndipo aliingia stoo na kutoka na helmeti mbili, si moja. Alimvalisha mtu bila kufunga mkanda, akamwambia atikise kichwa kama anayekataa chai. Helmeti ikicheza, haifai. Ikitulia, aliishika kwa mikono yote miwili na kuisukuma mbele na nyuma. Ngozi ya paji la uso ikisogea pamoja nayo, hiyo ndiyo. Mkanda ulifungwa mwisho, ukaacha nafasi ya kidole chini ya kidevu. Mkanda ukikazwa sana haufanyi helmeti kubwa kuwa ndogo. Hilo alilisema kila siku, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Hakuna aliyemfundisha. Alikuja kwa Githae miaka kumi na miwili iliyopita kukata nyasi, akitoka Gatuanyaga, ambako mnyama mkubwa aliyewahi kumshika kamba ni punda wa kubeba maji. Kituo cha Githae cha kufundishia watu kupanda farasi kilikuwa nyuma ya mtaa wa Membley, upande wa Ruiru, mahali ambapo kahawa ilikuwa imeng'olewa na nyumba hazijajengwa. Maboksi ya helmeti yalipofika yalikuwa na karatasi ndani, na karatasi hizo zilitupwa. Kaluki alizichukua za kuwashia moto. Jioni moja akaanza kusoma moja, akaomba kamusi ya mwanawe Kiilu, na hakuichoma. Ndivyo alivyojua kwamba helmeti ikishapiga chini mara moja imemaliza kazi yake, hata kama haina ufa, kwa sababu lile tabaka jeupe la ndani, linalofanana na lile linalofungiwa televisheni mpya, huwa limeshabonyea na halibonyei mara ya pili. Tangu siku hiyo, kila helmeti iliyoanguka aliikata mikanda kwa kisu cha nyasi, asije mtu akaiokota.

"Mama Kiilu, unanikatia mali," Githae alilalamika mwanzoni. Baadaye alipoona wateja wanapenda kupimwa, akaanza kuwaleta kwake mwenyewe. "Huyu ndiye daktari wetu wa vichwa," alikuwa akisema, na Kaluki alikuwa akiinama kuokota kitu ambacho hakikuanguka, ili wasimwone akifurahi.

Siku hiyo ya Desemba aliletewa msichana aliyeitwa Kui, wa miaka kumi na mitano, na mama yake, Waithira. Walikaa Membley, dakika tano kwa gari. Kui alikuwa amemaliza Gredi ya Tisa, Januari angeingia shule ya bweni, na masomo ya farasi yalikuwa zawadi yake ya likizo. Alikuwa amesuka rasta nene za rangi ya kahawia, zimefika kiunoni.

Kaluki alishika tepu, akaitazama ile misuko, akairudisha tepu shingoni.

"Mama Kui, mtoto amependeza. Lakini nikimpima leo nitapima nywele."

"Si ndizo ako nazo?" Waithira alicheka.

"Ndizo. Lakini siku atakapofumua, helmeti itakuwa ya mtu mwingine. Ningeomba aje akiwa amefumua, ama asuke mistari, ile ya kulala kichwani."

"Haiya! Mama, unajua hizi zimechukua masaa mangapi? Wasichana wawili pale Ruiru, toka asubuhi mpaka saa kumi na moja. Mkono wangu karibu ukauke nikiwapasia nywele."

"Mami, aki usikubali," Kui alidakia, amezishika rasta zake kwa mikono miwili kana kwamba kuna anayezivuta. "Hata Cucu hajaniona nazo." Cucu alikuwa nyanya yake wa Thika.

Barasa, saisi aliyetunza farasi pamoja na Kaluki, alikuwa akipita na toroli la samadi. Yeye hakuweza kupita mahali penye watu wanaobishana bila kuacha neno. "Fumua tu, Kui, tumpatie Tosha akule. Huyo farasi anapenda nyasi ya rangi hiyo."

Kui alicheka hadi akakohoa. Githae alisikia vicheko akatoka ofisini. "Kuna shida?"

"Hakuna shida, bosi. Nasema tu helmeti hununuliwa kwa kichwa, si kwa nywele."

"Na kesho kutwa binamu zake wanakuja kumpiga picha juu ya farasi. Watapiga picha ya kichwa gani?" Alimgeukia Waithira, akatabasamu. "Mpe inayomtosha leo, Mama Kiilu. Ya kesho tutaiona kesho."

Kaluki alipima juu ya nywele. Tepu ilisema sentimita hamsini na tisa. Kwa mkono wake, akipapasa chini ya misuko, alikadiria hamsini na tano. Alimvalisha hamsini na tisa, na lililomponza ni kwamba ilikaa vizuri. Kui alitikisa kichwa, ikatulia. Kaluki aliisukuma, na ngozi ya paji ikaenda nayo. Hakuwa na sababu yoyote machoni mwa watu ya kuikataa. Alimshika msichana bega.

"Siku utakapofumua, usipande kabla sijakupima tena. Hata nikisahau mimi, nikumbushe wewe."

"Sawa, auntie."

Na hakuwa mtoto wa kusahau. Katika wiki zile tatu Kaluki alijifunza kwamba Kui akiambiwa jambo mara moja, umemaliza. Alijua masikio ya farasi yakilala nyuma maana yake nini, na yakigeuka kila moja upande wake maana yake nini. Alijua Tosha haguswi tumbo upande wa kushoto, na kwamba farasi mweusi wa zizi la mwisho, ukimpa karoti, umpe na kiganja wazi. Asubuhi nyingine alifika kabla ya somo ili afagie naye zizi. "Wewe unasomea kazi yangu," Kaluki alimwambia. "Mimi nitakuwa bosi wako, auntie," Kui akajibu, "lakini nitakupa likizo."

Januari akaenda shule.

Alirudi mwisho wa Februari, siku za mapumziko ya katikati ya muhula, Jumamosi asubuhi. Gari la Waithira lilisimama penye uzio, na aliyeshuka hakutambulika mara moja. Shule ilikuwa imemnyoa. Kichwa kilikuwa kidogo, cha mviringo, kinang'aa kwa mafuta.

"Sasa huyu ni nani?" Barasa alipaza sauti. "Kui, ama ni balbu imetumwa na Kui?"

"Barasa, wewe mwenyewe uko na kipara!"

"Changu kimeletwa na mawazo. Chako kimeletwa na mwalimu mkuu."

Kaluki alicheka nao, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile helmeti aliyoibeba msichana kwapani. Kui aliivaa mwenyewe. Ilimfunika nyusi. Alipogeuka kumtazama mama yake, kichwa kiligeuka na helmeti ikabaki ikimtazama Barasa.

"Auntie, nilikuwa nikukumbushe," Kui alisema. "Unipime tena."

Alimpima. Hamsini na tano na nusu. Kaluki alikwenda stoo akijua atakachokuta. Helmeti za kuazima za ukubwa ule zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kichwani mwa mtoto aliyekuwa katikati ya somo, na somo lilibakiza karibu saa nzima. Ya pili ilikuwa imeanguka Januari, na mikanda yake aliikata kwa kisu chake mwenyewe.

"Itabidi tungoje ile ya uwanjani," aliwaambia.

Waithira aliangalia saa. "Saa nzima? Tunatarajiwa Thika saa saba, kwa cucu yake. Kesho huyu anarudi shule. Hana siku nyingine."

"Basi tumpandishe wakati mwingine, Mama Kui. Hii haimfai."

"Ilimfaa Desemba. Si ni wewe ulimpatia?"

Kaluki aliitazama ile helmeti. Ilikuwa kweli. Githae alifika, akasikiliza upande mmoja, akasikiliza wa pili, akaichukua helmeti akaichezesha kwenye kichwa cha Kui.

"Imezidi kidogo tu. Mtie boshori ndani. Si baridi ya asubuhi iko?"

"Bosi, boshori ni sufu. Inabonyea kabla ya..."

"Mama Kiilu. Ni nusu saa. Tosha ni mzee. Hata ukimchoma moto anatembea." Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta kibiriti, "Boshori iko?"

Waithira alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Alirudi na kofia ya kufuma, boshori ya samawati. "Ya ndugu yake. Vaa hii, Kui, tusichelewe."

Kui alimtazama Kaluki. Hakuwa akiwatazama wengine. Alikuwa akingoja yule anayejua aseme.

Kaluki alichukua boshori. Alimvalisha, akaivuta hadi masikioni, akaweka helmeti juu yake. Akamwambia atikise kichwa. Ilicheza kidogo. Aliisukuma, na ile sufu ikateleza juu ya ngozi, na paji la uso halikusogea hata kidogo. Alikuwa amewakataza watu wazima kupanda kwa dalili ndogo kuliko hiyo. Akafunga mkanda. Hakuacha nafasi ya kidole. Aliukaza mpaka Kui akasema "Aii, auntie," na hata pale alipokuwa akiukaza alijisikia akisema ndani yake lile neno analowaambia watu kila siku.

Ilikuwa dakika ya ishirini hivi ya somo, Kui akiwa juu ya Tosha. Upepo wa kiangazi uliinua juala jeupe la plastiki kutoka kwenye mtaro na kulipitisha chini ya uzio, likaja likikwaruza ardhi hadi miguuni mwa Tosha. Yule farasi mzee, ambaye hata ukimchoma moto anatembea, aliruka upande mara moja tu. Kui hakupiga kelele. Alikwenda mbele, juu ya bega la farasi. Kaluki, aliyesimama hatua kumi kutoka pale, aliona wazi jinsi helmeti ilivyotangulia kuteleza nyuma, juu ya ile sufu, hadi kisogoni, na paji la uso likabaki tupu kama sahani. Paji hilo ndilo lililopiga lile gogo lililopakwa rangi, la kufundishia farasi kuruka.

Alifika wa kwanza. Mkanda ulikuwa umepanda kooni na msichana alikuwa akikoroma, kwa hiyo aliufungua. Vidole vyake vilikuwa na damu, na kile kifungo kiliteleza mara mbili kabla hakijakubali. Waithira alipofika mbio, viatu mkononi, aliona mtoto amelala, helmeti kando, mkanda wazi.

"Alikuwa amefungua mkanda?" Githae aliuliza, akihema. Aliuliza hewani.

"Ngai wakwa, amefungua mkanda," alisema Waithira.

Githae alichutama. Boshori ilikuwa imebaki imening'inia sikioni. Aliitoa polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayemtoa mtoto jani kwenye nywele, akaiweka mfukoni. Kaluki alimwona. Barasa, aliyekuwa amemshika Tosha, alimwona. Wakambeba msichana hadi garini, na gari likaondoka kuelekea hospitali moja ya Thika.

Hakufa. Siku ya nne alifungua macho akamwita mama yake. Habari hiyo ilipofika kituoni, Barasa alipiga magoti palepale kwenye samadi, naye hakuwa mtu wa kanisa. Lakini kwa Kui, ya Jumamosi ile yote yalikuwa yamefutika. Alikumbuka akitoka shuleni Ijumaa, na baada ya hapo alikumbuka taa ya hospitali.

Kaluki alikwenda ofisini.

"Bosi, ule mkanda niliufungua mimi. Alikuwa anakosa pumzi."

"Najua."

"Basi tuwaambie."

Githae alimkaribisha akae, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Hakuonekana mtu mbaya. Alionekana hajalala. "Mimi sikusema uongo, Mama Kiilu. Niliuliza swali. Mama yake ndiye aliyejibu, na mama yake alikuwa pale akiona kila kitu. Boshori ilitoka garini mwake." Alijifuta uso kwa kiganja. "Yeye ameamua hivyo. Wewe ukienda kusema, swali la kwanza watakalokuuliza ni nani aliyefunga. Si mimi. Hata si Waithira. Mikono ni yako. Na ni wewe uliyejua."

Lingekuwa jambo rahisi kusema kwamba alinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Aliogopa, kweli. Lakini kilichomfunga mdomo kilikuwa lile neno la mwisho, kwa sababu halikuwa tisho. Lilikuwa kweli. Alitoka akarudi kwenye kazi. Watu walikuja, akawapima vichwa, akawaambia watikise kama wanaokataa chai. Hakuna aliyeona tofauti.

Machi Waithira alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa nyororo. Alishukuru kwa maombi. Alisema Kui ameruhusiwa kurudi nyumbani, lakini shule itangoja.

"Anaumwa kichwa jioni. Na akisoma ukurasa, akifika chini amesahau wa juu. Daktari anasema ni subira. Anasema pia asisumbuliwe na maneno mengi. Tumemwambia tu kwa kifupi."

"Mmemwambia nini, Mama Kui?"

Waithira alisikika akifunga mlango.

"Kwamba alifungua mkanda. Watoto hufungua." Kisha, haraka, "Ameelewa. Hajalia hata."

Kaluki alishika simu baada ya kukatika, akiangalia ukuta wa stoo. Hakumchukia yule mwanamke. Alijaribu, ikakataa. Mama hawezi kuamka kila asubuhi, akampa mtoto dawa kwa mkono uleule uliotoa boshori garini. Lazima mkono ule uwe umefanya jambo jingine. Kaluki alielewa hivyo, na kuelewa hakukumsaidia kwa lolote. Alijiambia, siku nitakapomwona mtoto mwenyewe, nitamwambia. Alijiambia hivyo wiki tano.

Siku ilikuja bila yeye kuitafuta, Jumapili moja ya Aprili, mvua ikiwa imechelewa na vumbi la Gatuanyaga limefika magotini. Alikuwa nyumbani akiwafungulia mbuzi maji aliposikia gari. Waithira alishuka na mfuko wa karatasi, ndani mna sukari, majani ya chai, unga na mkate, kama inavyotakiwa ukienda nyumbani kwa mtu. Kui alishuka upande wa pili, polepole, ameshika mlango. Alikuwa amevaa miwani. Nywele zilikuwa zimeota kidogo, na kovu lilitoka kwenye nywele hizo hadi juu ya jicho la kushoto.

"Auntie." Alimkumbatia. Alinukia dawa ya kuchua.

"Karibuni. Karibuni ndani, jua ni kali."

"Hatukai sana," Waithira alisema, bila kumtazama. "Ni ya kanisa. Anapokea kipaimara mwezi ujao, na katekista amewapa kazi. Nilimwambia angepiga simu tu. Amekataa."

"Lazima uende kwa miguu yako," Kui alisema. "Kila mtu uliyemkosea. Katekista alisema simu haihesabiki."

Kaluki alileta viti viwili nje, kivulini kwa ukuta. Kui alikaa, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimeandika, ndio nisisahau," alisema, na akatabasamu kwa haya, yule ambaye ukimwambia jambo mara moja umemaliza. Alisoma akifuata mstari kwa kidole.

"Auntie Kaluki. Naomba unisamehe kwa sababu nilifungua mkanda wa helmeti bila kukuambia. Ulikuwa umenionya. Nilikuletea shida kazini, na watu wakafikiri haujui kazi yako, na wewe unaijua kuliko wote. Sikuwa na heshima. Naomba msamaha."

Mbuzi mmoja alikuwa akinywa, na ile sauti ya kunywa ilisikika mpaka kivulini. Waithira alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

Kaluki alichutama mbele ya msichana, macho kwa macho, kama alivyofanya na watoto wote alipowafunga mkanda.

"Kui, nisikilize. Hukufungua mkanda. Niliufungua mimi, ukiwa chini, kwa sababu ulikuwa unakukaba. Kabla ya hapo niliufunga mimi. Helmeti ilikuwa kubwa. Ulikuwa umenyolewa, na ukaniambia mwenyewe nikupime tena. Hukusahau. Nilikupima, nikaona ni kubwa, nikakuvalisha boshori ndani, na nilijua haifai. Kosa ni langu. Wewe huna kosa hata moja."

Alisema yote bila kupumzika. Alikuwa amefikiri kwamba akishayasema jambo litavunjika, kilio ama kelele, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

Kui alimtazama kwa upole. Kisha aligeuka kumtazama mama yake, na Kaluki pia akageuka, na kwa muda mfupi wote wawili walikuwa wakimngoja Waithira.

Waithira alifungua mdomo wa ule mfuko wa karatasi, akaufunga tena.

"Unaona?" alisema hatimaye, sauti imekauka. "Si nilikuambia auntie ana roho nzuri."

"Mama Kui," Kaluki alisema. "Ulikuwa pale."

"Nilikuwa kwa simu. Sikuona mengi."

"Ni sawa, auntie," Kui alisema, akimgusa Kaluki mkono, yeye ndiye anayembembeleza. "Katekista alituambia itakuwa hivi. Alisema wengine watakataa kutusamehe, na wengine watajifanya wao ndio walikosea, ndio tusijisikie vibaya. Alisema hao ndio wagumu zaidi. Tusikubali. Tuombe mpaka waseme."

"Sijifanyi, mwanangu. Ni kweli."

"Auntie, tafadhali. Usibebe yangu." Macho yake, nyuma ya miwani, yalianza kujaa. Aliweka vidole viwili kwenye kovu akakandamiza. "Wewe sema tu umenisamehe. Ni hilo tu."

"Mwulize Barasa. Alikuwepo. Atakuambia."

"Kichwa kimeanza," Waithira alisema, akasimama. "Kui, kimeanza?"

"Kidogo."

"Akisumbuliwa kinamshika mpaka usiku, anatapika." Sasa alimtazama Kaluki kwa mara ya kwanza tangu afike. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni na nyumba inaungua nyuma yake, akiomba usiingie. "Mama Kiilu, mwambie tu umemsamehe. Nakuomba. Mwambie, tumpeleke akalale."

Kui alikuwa amefumba macho. Chozi moja lilikuwa limeshuka kando ya pua, na alilifuta kwa ile karatasi, na wino ukaenea kidogo. Alikuwa akingoja. Alimngoja Kaluki vilevile alivyomngoja Februari, kichwa kimeinuka, kwa imani yote.

Kaluki alitafuta maneno mengine. Alitafuta hata moja ambalo lingekuwa kweli na lingemtosha huyu mtoto hapa, leo, na maumivu yale. Ukweli alikuwa ameuleta wiki tano nyuma ya uongo, na uongo ulikuwa umeshakaa mahali pake na kuota mizizi.

"Nimekusamehe, Kui," alisema.

Msichana alishusha pumzi ndefu. Mabega yake yalishuka nayo. Alifungua macho, akatoa kalamu kwenye mkoba, akaikunjua karatasi gotini. Kwenye ukingo wa chini palikuwa na majina, moja juu ya jingine, na mbele ya la kwanza palikuwa na alama ya tiki.

"Bwana Githae nilienda jana," alisema, akiweka tiki mbele ya la pili. "Yeye hata hakuniacha nimalize kusoma. Alisema, 'Nimekusamehe, nimekusamehe,' haraka haraka, akanipa soda."

Alikunja karatasi. Mama yake alikuwa ameshafungua mlango wa gari, injini inanguruma.

"Sasa amebaki Barasa," Kui alisema. "Unafikiri atanisamehe?"

"Atakusamehe," alisema Kaluki, akaenda kuwafungulia lango.